Rangi za kuchakaza reli za modeli: ipi inapendeza, ipi inakata umeme

Reli ya modeli ikitoka kwenye pakiti hung'aa pande zote, na hapo ndipo inapojisaliti. Reli halisi inang'aa mahali pamoja tu, yaani ule ukanda mwembamba wa juu unaosuguliwa na magurudumu kila siku, ilhali mbavu zake zimefunikwa na kutu iliyopoa, vumbi la breki na grisi iliyokauka, na mataruma yake yamepauka kwa jua na mvua. Anayetaka njia yake ifanane na ya kweli hana budi kuipaka rangi. Tatizo ni kwamba reli hizo hizo ndizo nyaya zinazopeleka umeme kwenye kichwa cha treni, na takriban kila rangi inayouzwa kwa kazi hii ikishakauka huwa kihami, kwa hiyo anayepaka rangi anaweza kumaliza jioni akiwa na njia nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na treni isiyosogea.

Nimezijaribu aina sita za bidhaa kwenye njia ya kipimo cha HO, yaani 1:87, yenye upana wa 16.5 mm kati ya reli na reli, ikiwa na sehemu iliyonyooka, kona mbili na pointi tatu za kugawanya njia. Rangi yenyewe inafanana kiasi gani na kutu sikuipa uzito mkubwa, kwa sababu karibu zote zinafanana vya kutosha. Nilichokipima ni mambo mawili: rangi inatambaa hadi wapi baada ya kuwekwa, na inatoka kwa urahisi gani mahali isipotakiwa.

Kwanza niseme kwa nini kazi hii inafaa hatari yake. Reli inayoitwa Code 100, ambayo wengi huanza nayo, ina kimo cha inchi 0.100, sawa na 2.54 mm. Ukikizidisha kimo hicho mara 87 unapata reli ya zaidi ya 220 mm, wakati reli nzito ya UIC 60 iliyotandazwa kwenye njia kuu nyingi za Ulaya ina kimo cha 172 mm tu. Reli yetu, kwa maneno mengine, ni ndefu kupita kiasi, na kung'aa kwake kunazidisha urefu huo machoni. Ubavu ukishapakwa kahawia, jicho huuona mstari wa juu peke yake na reli huonekana kama imeshuka. Hata Code 75, yenye kimo cha 1.9 mm na inayokaribia vipimo halisi, hunufaika, ingawa mabadiliko yake si makubwa kama yale ya ndugu yake.

Rangi ya mafuta kwa brashi

Hii ndiyo niliyoishia kuitumia kwa sehemu kubwa ya njia, nami naipa nafasi ya kwanza. Nilitumia Humbrol nambari 113, ambayo ni kutu isiyong'aa, nikaichanganya na nambari 62, ile ya rangi ya ngozi ya viatu, ili kuondoa wekundu. Kutu ya reli inayopitiwa na treni kila siku haina rangi ya chungwa; hiyo ni kutu changa, nayo huonekana zaidi kwenye njia za pembeni zisizotumika. Ukipaka 113 peke yake njia nzima, reli itapiga kelele.

Uzuri wa rangi ya mafuta ni uzito wake na uvivu wake wa kukauka. Ikipakwa bila kuongezwa thina hukaa ilipowekwa, haitafuti nyufa za kuingia, na hukuachia muda mrefu wa kurudi kufuta sehemu ya juu kabla haijashika. Brashi bapa ya upana wa milimita tatu au nne, iliyopanguswa kidogo kwenye mdomo wa kopo, inashuka ubavuni mwa reli na kuacha rangi ya kutosha kwa mataruma kumi au kumi na mawili. Kasoro yake ni harufu, hivyo madirisha yafunguliwe, na subira, kwa kuwa inahitaji usiku mzima kabla ya kuguswa tena.

Namna ya kufuta ndiyo inayoamua kama treni itatembea. Chukua kipande cha mbao kilichonyooka, chenye urefu wa kidole, ukifungie kitambaa cha pamba kilichokazwa, kisha ukilowanishe kwa tapentaini ya madini, ile nyepesi ya kusafishia brashi, kiasi cha kuwa na unyevu bila kudondoka. Ukikiburuta juu ya reli kitambaa hakizami ubavuni kwa sababu mbao inakizuia, na kinachofutwa ni uso wa juu peke yake. Ukitumia kidole chenye kitambaa, nyama ya kidole hujikunja kufuata umbo la reli na kuondoa nusu ya rangi uliyoipaka kwa tabu. Geuza kitambaa kila baada ya mita moja, la sivyo unachofanya ni kuisambaza rangi na si kuiondoa.

Ipo sehemu nyingine ambayo wengi huisahau, nayo ni ukingo wa juu wa upande wa ndani. Gurudumu la treni halikai juu ya reli kama sahani juu ya meza. Uso wake umeinama kidogo, na kwenye kona huisukuma ile pembe ya ndani ya reli kwa shina la ukingo wake. Rangi ikibaki pale, treni itatembea vizuri kwenye sehemu iliyonyooka na kuanza kusitasita kwenye kona, nawe utahangaika kutafuta waya uliokatika wakati hakuna waya wowote wenye hitilafu. Baada ya kupita na mbao juu ya reli, mimi huiinamisha kwa pembe na kupita tena upande wa ndani, polepole. Mstari unaong'aa unaoongezeka hapo hauonekani ukiitazama njia kutoka ubavuni.

Rangi ya maji

Rangi za akriliki kama Vallejo Model Color hazina harufu ya kumsumbua mtu, brashi husafishwa kwa maji, na rangi za kuchagua ni nyingi mno. Kwa mataruma sijaona kinachozishinda: unaweza kupaka taruma moja kijivu, la pili kahawia iliyokolea, la tatu katikati ya hizo mbili, na njia ikapata ule mchanganyiko wa mbao zilizobadilishwa kwa nyakati tofauti.

Kwenye reli yenyewe zinanipa mashaka kwa sababu mbili. Zinakauka upesi kiasi kwamba ukipaka nusu mita tayari umechelewa kufuta pale ulipoanzia, na zikishakauka juu ya chuma laini huweza kubanduka kama ngozi ya nyoka, vipande vyake vikaingia kati ya gurudumu na reli. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Watu wengi huongeza maji ili rangi iwe nyembamba na iteremke vizuri kwenye mishono ya mataruma, na rangi nyembamba ikifika kwenye kiungio kinachounganisha reli mbili hufyonzwa ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Inakauka humo ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na kiungio kilichokuwa kikipitisha umeme kwa mgusano wa chuma kwa chuma kinageuka kuwa kishikizo tu.

Hapa niseme jambo ambalo halihusu bidhaa yoyote lakini bila hilo tathmini yote hii haina maana. Viungio havipaswi kutegemewa kupeleka umeme, iwe njia imepakwa rangi au haijapakwa. Kila kipande cha reli kipate waya wake uliopigwa lehemu chini au ubavuni, ukishuka hadi kwenye nyaya kuu chini ya meza, na kazi hiyo ifanyike kabla ya rangi, kwa kuwa lehemu haishiki juu ya rangi. Ikiisha kufanyika, rangi ikiingia kwenye kiungio haitakuumiza kichwa. Baada ya waya ni zamu ya majaribio: endesha treni zako zote kwa siku kadhaa kwenye njia tupu, ili hitilafu ikitokea baada ya kupaka ujue imeletwa na rangi na si fundi aliyelala.

Kopo la kupuliza

Kopo la kupuliza ndilo lenye kasi kuliko vyote. Kipande cha njia cha karibu mita moja kabla hakijatandazwa hupulizwa kwa chini ya dakika moja, mbavu na mataruma kwa pamoja, na rangi inakuwa sawa pote bila alama za brashi. Kwa njia iliyonyooka nalipendekeza bila kusita, mradi upulizie kutoka pande zote mbili kwa pembe ya chini, ufute uso wa juu mara moja, na ncha za kila kipande uzizibe kwa tepu ya karatasi, sentimita moja hivi, ili viungio viingie kwenye chuma kitupu. Usilitumie kwenye chumba kisicho na hewa, wala usifute kwa asetoni au thina ya selulosi, kwa sababu vimiminika hivyo huyeyusha plastiki ya mataruma.

Kwenye pointi ni janga, na naandika nikiwa mmoja wa waliokwisha kupata hasara. Pointi ina ndimi mbili zinazosogea kulia na kushoto, na katika pointi nyingi ulimi hupata umeme wake kwa kuegemea reli ya pembeni. Mgusano wote upo kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa mtoto. Mimi nilipuliza pointi ya kwanza kwa kopo moja ambalo jina lake nalihifadhi, nikiwa nimeusogeza ulimi upande mmoja na kudhani inatosha. Upande ule mwingine ulikuwa wazi, na ukungu wa rangi ukaingia hadi nyuma ya ulimi na kwenye ubavu wa ndani wa reli ya pembeni. Kwa macho ilipendeza. Kichwa kidogo cha magurudumu manne kilipofika pale kilizima. Nikiugusa ulimi kwa kidole ukaegemea kwa nguvu kidogo, kiliwaka; nikiuachia, kilizima. Multimita, kile kipima umeme, niliyoiweka kwenye sauti ili ilie mgusano ukiwepo, ilinyamaza kimya, kisha ikalia nilipobonyeza, kisha ikanyamaza tena.

Nililazimika kukwangua nyuma ya ulimi kwa kalamu ya nyuzi za kioo, kifaa kinachofaa sana lakini ambacho vijinyuzi vyake hudunga vidole na kuwasha kwa siku mbili, basi vaa glavu. Pointi ile ilipona nusu. Iliyobaki nikaipigia lehemu waya mwembamba kutoka kwenye ulimi hadi kwenye reli ya pembeni iliyo jirani yake. Asiyejua pointi yake ni ya aina gani asiige jambo hili kiholela: kama kipande cha umbo la V katikati ya pointi ni cha chuma na kimeunganishwa na ndimi zote mbili, kama ilivyo katika pointi za Peco za aina ya Electrofrog, waya huo utaleta shoti mpaka kipande hicho kitengwe na kupewa umeme wake kupitia swichi. Zile za Unifrog za kampuni hiyo hiyo zimekwisha kuunganishwa ndimi zake na reli za pembeni tangu kiwandani, na kwa anayepaka rangi hiyo ni neema.

Kalamu za rangi

Ni kwa ajili ya pointi hizo hizo ndipo kalamu zinapostahili fedha zake. Kalamu yenye ncha ngumu hupaka ubavu wa reli bila kumwaga, na mkono unaweza kusimama kabisa milimita chache kabla ya sehemu inayogusana. Naweka njiti ya meno kati ya ulimi na reli ya pembeni ili visikutane wakati rangi ni mbichi, napaka ubavu wa nje wa reli ya pembeni, napaka upande wa ulimi unaotazama katikati ya njia, na nyuma ya ulimi sipagusi kabisa. Hakuna mtazamaji atakayepaona. Zile sahani ndogo ambazo ulimi huteleza juu yake nazo naziacha, maana rangi juu yake huukwamisha ulimi usifike mwisho wa safari yake, na ulimi usiofika haupati umeme, na huenda ukaiangusha treni pia.

Lakini kalamu hazilingani. Seti ya kwanza niliyonunua ilikuwa na ncha laini mno: kabla ya kumaliza mita moja, vile vinundu vya plastiki vinavyoishikilia reli kwenye taruma vilikuwa vimeichana ikawa kama mswaki wa mti uliotafunwa, na kila ilipokwama iliachia tone lililotiririka hadi kwenye kokoto. Seti ya pili, ya mtengenezaji mwingine, ilidumu mita tatu kabla ya kuchoka. Kwa njia ndefu kalamu ni ghali na inachosha kiganja. Kwa pointi tatu na sehemu za mbele ya meza, ambako jicho liko karibu, sina malalamiko.

Poda

Poda za rangi ya kutu na masizi hufanya kile ambacho rangi haiwezi: kuweka weusi laini katikati ya reli mahali vichwa vya treni husimama na kudondosha mafuta, au wekundu unaofifia taratibu karibu na kituo ambapo breki hufungwa. Zinapendeza, lakini hazifai kumwagwa tu na kuachwa. Poda isiyoshikizwa kwa dawa ya kugandisha huinuliwa na upepo wa treni, ikaingia kwenye mhimili wa magurudumu na gia, ikachanganyika na mafuta na kuwa uji. Zile zenye chembe halisi za chuma, zinazotengenezwa ili zishike kutu ya kweli, mimi nazipiga marufuku mezani pangu. Mota ya kila kichwa ina sumaku, na sumaku haijui kuchagua. Vivyo hivyo kwa vimiminika vya kemikali vinavyoibadili rangi ya chuma chenyewe. Havikomi pale unapotaka vikome, na vikifika kwenye lehemu au kiungio vinaendelea kula.

Grafiti

Ya mwisho ndiyo iliyonishangaza. Neolube ni grafiti laini iliyo ndani ya alkoholi ya isopropili. Alkoholi ikikauka huacha tabaka jembamba la kijivu cheusi, na tabaka hilo linapitisha umeme. Haifanani na kutu, kwa hiyo haifai kwa mbavu. Inafaa kwa lile jambo ambalo rangi zote zilizotangulia haziliwezi, yaani kuufifisha uso wa juu wa reli kwenye njia ya pembeni ambayo treni huingia mara chache, na kuzifanya nyuso za nje za magurudumu zising'ae kama sarafu. Tabaka moja jembamba linatosha. Isipite kwenye nafasi za kuhami zilizokatwa kwenye reli kwa makusudi, kwa sababu sifa yake ile ile ya kupitisha umeme itaunganisha kile ulichokitenga.

Baada ya kila rangi niliifuta njia yote na kuipitia kwa majaribio yale yale, nitakayoyaeleza hapa chini. Kufuta kwa msasa mkavu nilikuacha mapema: mikwaruzo inayobaki juu ya reli huwa mifereji ya kukusanyia uchafu, na reli ambayo ingesafishwa mara moja kwa mwezi hudai kusafishwa kila wiki. Reli nyingi za leo ni za aloi inayoitwa fedha ya nikeli, ambayo jina lake linadanganya kwa kuwa ni shaba, nikeli na zinki bila chembe ya fedha, na uso wake ukiachwa laini hauna makuu. Kitambaa na tapentaini ya madini vilitosha, na pale rangi ilipokuwa imeshika nilitumia kipande cha mbao ngumu kilichokatwa pembe kama patasi, ambacho huisukuma rangi bila kuikwaruza nikeli.

Mwenye mfumo wa Märklin wa reli tatu ana kazi tofauti kidogo, kwa kuwa reli zake mbili ni upande mmoja wa umeme na upande wa pili unapita kwenye vinundu vidogo vya chuma katikati ya mataruma. Huyo afute vinundu hivyo kimoja kimoja, na aogope zaidi kokoto na gundi kuliko rangi ya ubavuni.

Kwenye njia inayoendeshwa kwa mfumo wa dijiti wa DCC, nilitoa kwanza kapasita ya akiba kwenye kichwa cha majaribio. Kapasita hiyo huipa dikoda, yaani kifaa kilicho ndani ya kichwa kinachopokea amri, umeme kwa muda mfupi mgusano unapokatika, na kwa siku za kawaida ni msaada mkubwa, ila wakati wa kupima huficha kila kosa. Bila hiyo kichwa kinasema ukweli: sauti ya injini inakatika na kuanza upya, kwa sababu amri na umeme vinasafiri pamoja kwenye reli hizo hizo.

Kisha nikazima taa za chumba. Kichwa kikitambaa kwa mwendo wa konokono gizani, kila mahali pachafu hutoa cheche ndogo ya buluu chini ya gurudumu, na cheche hizo ndizo zinazozaa masizi mapya juu ya reli. Sehemu iliyopakwa kwa brashi na rangi ya mafuta haikutoa hata moja. Iliyopakwa rangi ya maji ilitoa mbili, zote mahali nilipochelewa kufuta. Pointi niliyoipaka kwa kalamu ilipita kimya, na ile niliyoipuliza, pamoja na waya wake na kukwanguliwa kote kule, ilimemeta mara moja kwenye ncha ya ulimi, nikaweka kipande cha tepu pembeni yake ili nikumbuke kurudi na kitambaa.